Tangi la matumbawe: picha ya bluu inaonyesha nini, na inaficha nini

Mwezi uliopita nilituma kwenye kundi la WhatsApp la familia picha ya tangi langu la matumbawe. Ninaishi Hamburg, na tangi hilo la lita 200 liko sebuleni, mbali kidogo na dirisha. Dada yangu wa Tanga alijibu kabla sijaiweka simu mezani: "Kaka, hayo maji umeyatia rangi gani?" Binamu yetu wa Muscat akasema hiyo ni picha ya kompyuta. Shangazi, aliyezaliwa na kukulia Chongoleani, pwani ya Tanga, ndiye aliyeuliza swali lililonikalisha chini: "Si ndiyo mawe yale yale tuliyokuwa tukichomea chokaa? Mawe yanafugwaje?"

Maswali haya matatu nayaona kila picha kama hizi zinapopita mitandaoni, matangi yanayong'aa kijani na zambarau kama taa za harusi. Wengine hushangilia, wengine huona wanadanganywa, na wengine hutaka kujua kesho yake wanunue wapi. Nitaanza na swali la shangazi. Asiyejua tumbawe ni kitu gani hawezi kuelewa kwa nini tangi lake lina kazi nyingi, wala kwa nini picha yake inapotosha.

Sisi watu wa pwani tumelijua tumbawe kama jiwe kwa karne nyingi. Nyumba za Mji Mkongwe na za Lamu zimejengwa kwa mawe ya matumbawe. Mapambo ya misikiti ya kale ya Kilwa yalichongwa kwa tumbawe lililotolewa baharini likiwa bichi, kwa kuwa hapo huwa laini, kisha hukauka na kuwa gumu likikaa hewani. Shangazi hakukosea hata kidogo. Ila jiwe hilo ni nyumba tu, na mwenye nyumba ni mnyama.

Mnyama huyo huitwa polipi, na ni jamaa wa yavuyavu. Umbo lake ni kama kikombe kidogo cha nyama. Katika aina nyingi hazidi punje ya mchele, ana mdomo mmoja juu na minyiri kuuzunguka. Chini yake hujijengea kikombe cha chokaa, jirani yake hujenga chake, na maelfu yao wakishikana kwa miaka huwa tawi, bakuli au kichuguu. Ukitazama tawi hai jioni kwa karibu, pua ikikaribia kugusa kioo, utaona kila kitundu kimetoa minyiri yake, na ukidondosha chembe ya chakula inadakwa.

Ndani ya nyama ya polipi huishi mwani mdogo mno usioonekana kwa macho. Mwani huo hutengeneza sukari kwa nuru, kama jani la mchicha, na sehemu kubwa ya sukari hiyo humwendea polipi. Naye humpa mwani mahali pa kukaa pamoja na taka zake, ambazo kwa mwani ni mbolea. Ni mpangaji anayelipa kodi kwa chakula. Kwa hiyo tumbawe linataka nuru kama mmea, linakula kama mnyama, na linahitaji chokaa kama fundi mwashi. Samaki wa maji baridi wanaofugwa kwenye matangi ya kawaida hawana madai yote matatu kwa pamoja.

Maji yakizidi joto, ushirika huo huvunjika. Polipi huufukuza mwani, nyama yake hubaki kama kioo, na mfupa mweupe huonekana chini yake. Huko ndiko kupauka kunakotajwa kwenye habari. Mwaka 1998 matumbawe ya Kenya, Tanzania na sehemu kubwa ya magharibi mwa Bahari ya Hindi yalipauka kwa wingi. Tumbawe lililopauka bado halijafa, lakini lina njaa, na njaa hiyo ikiendelea litakufa. Baharini jambo hilo huchukua wiki kadhaa. Kwenye tangi kipasha maji kikikwama, mwisho wa wiki mmoja unatosha.

Sasa maji, maana hapo ndipo ilipo kazi yenyewe. Mwaka 1846 Mwingereza Anna Thynne alichukua matumbawe madogo ya bahari ya kwao kutoka Torquay akayapeleka London. Hakukuwa na pampu wala umeme. Maji yalipoanza kuchoka, mtumishi wake alikuwa akiyamimina chombo kwa chombo mbele ya dirisha lililo wazi, nusu saa hadi robo tatu ya saa kila siku, ili yaingie hewa. Aliyewahi kupooza chai kwa vikombe viwili anaijua kazi hiyo. Matumbawe yale yaliishi kwa sababu ya mkono wa mtumishi ambaye jina lake halitajwi, na kila ninapowasha pampu zangu namkumbuka.

Zaidi ya karne baadaye, mwaka 1961, Lee Chin Eng wa Jakarta alieleza jinsi alivyofuga viumbe wa mwambani kwa mawe yaliyotolewa baharini na mapovu ya hewa tu. Kisha Wajerumani wa Berlin, akiwamo Dietrich Stüber, wakaongeza taa kali na kichujio cha povu. Kichujio hicho hupuliza mapovu madogo yanayobeba uchafu hadi juu, kama povu la maharage linavyopanda sufuriani ukaliengua kwa mwiko. Njia yao bado inaitwa njia ya Berlin, na tangi langu linaendeshwa hivyo hivyo.

Siri ya mawe hayo ni bakteria. Samaki hutoa amonia, na amonia ni sumu. Bakteria wa kundi moja huigeuza kuwa naitraiti, nayo ni sumu, kisha kundi la pili huigeuza kuwa naitreti, ambayo kwa kiasi kidogo haidhuru. Bakteria hao hawaji siku moja. Ni kama mtindi, unatia mbegu kwenye maziwa kisha unasubiri. Tangi jipya husubiri wiki nne hadi sita, mara nyingine zaidi, likiwa na mawe na maji tu. Wengi hushindwa hapo. Mtu anajaza maji Jumamosi, Jumapili analeta samaki, na Jumatano anawazika. Anaambiwa samaki walikuwa wagonjwa, kumbe waliwekwa kwenye nyumba isiyo na choo.

Mimi sikushindwa hapo. Nilishindwa kwenye chumvi.

Maji ya bahari yana gramu 35 hivi za chumvi kwa lita. Maji ya tangi hukauka kila siku, ila chumvi haipandi hewani, inabaki. Kila mpishi analijua hili: mchuzi ukikauka jikoni, chumvi inazidi, na dawa yake ni kuongeza maji. Tangi langu hupoteza lita 2 hivi kwa siku wakati wa baridi, kwa kuwa mitambo ya kupasha joto nyumba huikausha hewa. Katika mwaka wangu wa kwanza nilikuwa nikijaza pengo hilo kwa maji ya chumvi, nikidhani tangi la bahari linataka maji ya bahari. Lita 2 zina gramu 70 za chumvi. Kwa wiki mbili nilikuwa nimeongeza karibu kilo moja, na maji yakafika gramu 40 kwa lita bila mimi kujua.

Kila jioni katika siku hizo nilipiga picha chini ya taa za bluu. Zilikuwa nzuri sana, na nilizituma nyumbani kwa fahari. Kisha mchana mmoja, taa nyeupe zikiwa zimewashwa ili nisafishe kioo, nikaona shinani mwa tawi langu kubwa mstari mweupe wenye upana wa ukucha. Nyama ilikuwa imeondoka, umebaki mfupa. Nikafungua simu nikarudia picha zote za wiki ile. Hakuna hata moja iliyoonyesha mstari huo.

Hapa ndipo swali la dada linapopata jibu. Maji hayajatiwa rangi yoyote. Ukichota kikombe kutoka tangini utaona maji meupe kama ya kunywa. Rangi inatoka kwenye taa na kwenye nyama ya tumbawe lenyewe. Baharini, maji humeza nuru nyekundu kwanza, na ukifika mita kumi chini nyekundu karibu yote imekwisha, umebaki ulimwengu wa bluu. Mwani wa tumbawe umezoea bluu hiyo na unaitumia vizuri, ndiyo maana wafugaji hutumia taa zenye bluu nyingi. Tena matumbawe mengi yana protini zinazopokea nuru ya bluu na kuirudisha ikiwa kijani, chungwa au nyekundu. Umeona mhudumu wa benki akipitisha noti chini ya taa ya zambarau, alama zilizojificha zikang'aa? Rangi haikumwagwa wakati ule, ilikuwamo ikingoja taa yake. Tumbawe hai hufanya hivyo hivyo.

Mfupa mtupu hauna protini hizo. Chini ya taa nyeupe unaonekana mweupe, na jicho linashtuka. Chini ya taa ya bluu unarudisha bluu tu, unajichanganya na maji na kivuli, na jicho linakwenda kwenye kinachong'aa. Ndiyo maana nasema picha ya bluu si ya uongo, lakini kuna maradhi ya tumbawe ambayo haiwezi kukuonyesha. Tangu siku ile nina desturi moja: kila Alhamisi saa nane mchana nawasha taa nyeupe peke yake, nasimama pale pale, napiga picha ile ile. Sizitumi kwa mtu. Nazilinganisha. Tawi lililonenepa, rangi iliyofifia, mwani mchafu unaoanza kona moja, yote huonekana humo siku nyingi kabla sijayaona kwa kupita tu.

Binamu wa Muscat naye ana hoja, kwa sababu kamera yenyewe hupotosha. Ndani ya kamera ya simu mna vidirisha vidogo vya aina tatu, vya kupokea nyekundu, kijani na bluu. Taa ya tangi hujaza vile vya bluu hadi vinafurika, na vyekundu vikabaki karibu vitupu. Ndoo iliyofurika haiwezi kukuambia mvua ilikuwa kiasi gani, na kamera iliyofurika bluu haiwezi kukupa umbo wala kivuli. Unapata doa la bluu tu. Simu hujaribu kusawazisha nyeupe yenyewe, lakini imetengenezwa kwa jua la mchana, ambalo rangi ya nuru yake hupimwa kama Kelvini 5,500 hivi, na namba ikipanda nuru huwa ya bluu zaidi. Taa za tangi huenda 15,000 hadi 20,000, na simu nyingi huishia karibu na 10,000. Baadhi ya watu huingia kwenye programu wakasukuma rangi hadi zinapita hata zile za tumbawe, na hao ndio wanaompa binamu yangu sababu ya kushuku. Mimi nahariri pia. Kipimo changu ni mchanga wa chini ya tangi: ukionekana mweupe kama macho yangu yanavyouona, naacha.

Kuna imani nyingine zinazozunguka jambo hili, na baadhi zinagharimu maisha ya viumbe. Ya kwanza ni kwamba chumvi ya jikoni inatosha. Haitoshi. Chumvi ya jikoni karibu yote ni kitu kimoja, wakati maji ya bahari yana magnesi, kalsiamu na mengine mengi, na tumbawe hujenga mfupa wake kwa hayo. Fundi akiwa na kokoto bila saruji hajengi. Ndiyo maana tunapima kalsiamu, ambayo inafaa iwe miligramu 400 hadi 450 kwa lita, na alkalini, yaani akiba ya kaboneti majini, ambayo mimi huiweka kwenye digrii 8 za kipimo chake, si za joto. Wengine huiweka 9 au 10 na mambo yao ni mazuri. Kinachoua ni kuirusha kutoka 7 hadi 11 kwa siku moja, kwa nia njema ya kurekebisha.

Nyingine ni kwamba tangi dogo ni rahisi kwa anayeanza. Sufuria ndogo huchemka upesi na hupoa upesi. Lita 20 zikipata joto la mchana au samaki mmoja akifia humo bila kuonekana, hakuna nafasi ya kukosea. Lita 200 hukupa siku moja au mbili za kugundua. Kwa nyumba ambazo umeme hukatika mara kwa mara, nunua kwanza pampu ya hewa ya betri kabla ya samaki wa kwanza. Joto linaweza kusubiri saa kadhaa, lakini hewa haisubiri hivyo.

Na wako wanaosema, "Mimi niko Mombasa au Dar, bahari iko hapo, nitachota maji na kukata tumbawe." Maji ya karibu na mji yana mafuta, maji ya mifereji na ya mvua, na unaweza kuyatia tangini asubuhi ukajuta jioni. Matumbawe ndiyo usiguse kabisa. Kwenye hifadhi za bahari za Malindi na Watamu, zilizotangazwa mwaka 1968, hairuhusiwi kuondoka hata na ganda la kombe. Matumbawe ya mawe pia yamo kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini, kwa hiyo hayavuki mpaka wa nchi bila kibali. Mwamba wetu umekwisha kuumia kwa baruti na joto, na sioni kisingizio cha kuuongezea msumeno.

Wafugaji wa hapa Ujerumani hupeana vipande. Tumbawe la matawi hukatwa kama muhogo: pingili moja unaigandisha kwenye jiwe, inashika, inatoa matawi mapya. Vipande vya tumbawe alilolikuza Stüber vimepita mkono kwa mkono kwa wafugaji wa Ulaya kwa miaka mingi, vyote vikitoka kwenye tangi, si baharini. Tawi langu kubwa nilipewa na jirani likiwa na urefu wa kidole gumba. Njia hiyo hiyo ya pingili ndiyo inayotumika kupandikiza matumbawe Wasini, kusini mwa pwani ya Kenya, na nikienda likizo natamani kuiona kwa macho yangu.

Jambo moja la hatari nisilifiche. Baadhi ya matumbawe laini yanayofanana na vifungo vya shati, jamii ya zoanthidi, yana sumu iitwayo palitoksini, na ni kali sana. Usichemshe wala usisugue jiwe lenye viumbe hivyo kwa maji ya moto, kwa sababu mvuke wake unaweza kulaza nyumba nzima. Machi 2018 familia moja ya Oxfordshire, Uingereza, ilipelekwa hospitali baada ya tangi la namna hiyo kusafishwa nyumbani. Vaa glavu, funika macho, na usiingize mkono wenye kidonda.

Kuhusu kupiga picha, mengi ni adabu ndogo ndogo. Safisha kioo kwa sumaku ya kusugulia, ukihakikisha hakuna punje ya mchanga iliyonasa, maana punje moja huacha mchirizi wa kudumu. Kisha subiri saa nzima vumbi litulie. Zima taa za chumba na funga pazia, la sivyo utapiga picha ya uso wako. Usitumie flashi. Simama uso kwa uso na kioo, simu iwe sambamba nacho. Ukiinamisha pembeni, nuru hupinda kama upawa unavyoonekana umevunjika ndani ya ndoo, na picha inakuwa na ukungu wenye kingo za rangi. Bonyeza tumbawe kwenye skrini, shikilia hadi simu ifunge shabaha, kisha punguza mwanga kidogo. Kama taa ni za bluu, weka mbele ya lenzi kipande cha plastiki ya rangi ya chungwa. Kinazuia bluu inayofurika na zile rangi nyingine hutokea. Samaki wanahitaji kasi, angalau 1/125 ya sekunde, na subira ya mvuvi wa mshipi. Usimfuate samaki kwa simu. Chagua anapopenda kupita, elekeza hapo, ngoja. Kwa matumbawe zima pampu za mkondo ili minyiri itulie, na uziwashe tena ukimaliza, kabla hujaanza kuzitazama picha zako.

Picha niipendayo zaidi hupigwa kutoka juu. Pampu zikizimwa na maji yakitulia, naweka juu yake bakuli la kioo lenye kitako bapa, likizama sentimita moja tu, kisha napiga kupitia humo. Viwimbi vyote hutoweka, kama unapotazama chini kwenye mashua yenye sakafu ya kioo.

Wiki iliyopita nilimtumia shangazi picha ya namna hiyo, chini ya taa nyeupe. Hakuna kinachong'aa humo. Matawi ni ya kahawia na samawati hafifu, mchanga mweupe, na ule mstari wa mfupa shinani nusu yake umefunikwa na nyama mpya. Utotoni alikuwa akiyaona matumbawe hivyo, kutoka juu, ameinama ukingoni mwa ngalawa maji yakiwa yamekupwa. Alinitumia ujumbe wa sauti. Nyuma yake nilisikia kuku na mtoto anayelia.

"Haya sasa nayajua," alisema. "Haya yalikuwa mbele ya kwetu."